Mwongozo kamili: kutembea mwambani maji yakipwa na kurudi mkavu (Mtwara na Lindi)

Kila bamvua (siku zile maji yanapoenda mbali sana na kurudi juu sana) lazima kuna mtu anafuatwa na ngalawa. Mwalimu mpya, kijana wa chuo, familia iliyotoka bara kuja kula sikukuu, wote kosa lao ni moja, wanashuka pwani wanakuta bahari imeondoka, mchanga umetandaa mpaka kule mawimbi yanakovunjikia, wanaona kama uwanja wa mpira vile, wanatembea, wanapiga picha, wakigeuka nyuma wanakuta kuna maji kati yao na minazi. Na ukishawatoa wote wanasema neno lilelile, "lakini sisi bahari tulikuwa tunaiangalia, ilikuwa mbele!"

Sasa hapo ndo penye tatizo. Maji hayarudi kutoka kule mbele unakoyaangalia. Chini ya hayo maji kuna migongo na mabonde, na yakianza kujaa yanapita kwanza mabondeni, na bonde kubwa mara nyingi lipo karibu na nchi kavu, yaani nyuma yako. Wewe umesimama mgongoni, pakavu, unashangaa jongoo bahari, na huku nyuma mkondo unajaa taratibu bila hata wimbi moja la kukushtua.

Mwongozo huu ni wa mtu wa miguu anayetaka kutembea kwenye ile dunia inayofunguka saa chache halafu inafungwa. Wavuvi na kina mama wa pwani hawauhitaji, wao ndo walionifundisha.

Vitu vya kuwa navyo

- Viatu vya kufunga vyenye soli ngumu, raba za zamani ndo nzuri kuliko zote. Yeboyebo zinachomoka tope likizinyonya, gambuti likiingia maji linakuwa nanga, na peku usithubutu.
- Fimbo ndefu inayokufika kifuani. Ya pili ya kuchomeka mkondoni (nitaeleza).
- Kitambaa chekundu au cha rangi inayopiga kelele.
- Dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko kinachobana, na kamba ya manila mita 3 hivi. Watu wanacheka hili dumu. Wacheke.
- Maji ya kunywa lita 2 kila mtu, na kitu cha kutafuna. Mimi nabeba ming'oko ya kuchemsha, haiharibiki na jua na inashibisha.
- Kofia na shati la mikono mirefu. Jua la juu unalijua, lile linalorudi kutoka kwenye maji ndo linachoma kidevu na chini ya pua.
- Filimbi.
- Simu ndani ya chupa ya mdomo mpana inayofungika, kopo la siagi ya karanga linafaa sana. Vimfuko vya nailoni tulishaagana navyo tangu 2019, na hata hivyo vilikuwa vinavuja.
- Saa ya mkononi, hata ya elfu tano. Sababu ipo hatua ya 2.
- Chupa ya chai ya kutunza joto yenye maji ya moto, ikae na atakayebaki ufukweni. Sio ya chai, utaona mwishoni.

Na watu. Wawili ndo wachache kabisa, watatu ndo sawa, maana mmoja atabaki mkondoni.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, lakini hayakupwi sawa siku zote. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, ndo tunapata bamvua, maji yanaenda mbali sana na yanarudi juu sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu na mwamba hauonekani vizuri. Wazee hawana apu, wanahesabu mwezi wa Kiislamu: kuanzia mwandamo mpaka siku ya tatu bamvua, ya nane hivi maji mafu, ya kumi na tano hadi kumi na saba bamvua tena, ishirini na mbili mafu tena. Kilele chenyewe huwa kinakuja siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka, sio usiku uleule.

Sasa mgeni akisikia bamvua anataka kilele. Usianzie hapo. Bamvua inafungua mbali ndiyo, lakini maji mengi zaidi yanatakiwa yarudi ndani ya saa sita zilezile, kwa hiyo yanakimbia. Mara ya kwanza nenda siku mbili kabla ya mwezi mpevu, maji yanakupwa vya kutosha, hayana hasira, na kwa pwani yetu inaangukia kwenye saa tatu asubuhi jua bado changa.

Umechagua vizuri kama ukiangalia namba za kupwa na kujaa kwenye jedwali la siku hiyo unaona tofauti ya mita 2 na kitu. Ukiona 3 na zaidi hiyo ni bamvua kali, iache mpaka umezoea.

Hatua ya 2: Soma saa vizuri, hapa ndo wengi wanaangukia

Fungua apu yoyote ya maji, andika Mtwara, au Lindi, au Kilwa Masoko. Usitumie ya Dar eti ni bahari moja.

Halafu soma taratibu. Apu inaandika 10:24. Hiyo ni saa nne na dakika ishirini na nne asubuhi, SIO saa kumi na dakika ishirini na nne. Unacheka, lakini mwezi wa nane mwaka jana nilimtoa mkufunzi mmoja msomi kabisa aliyesoma 10:24 akaandika kwenye karatasi "kumi na robo na ushee", akashuka saa tisa alasiri anajua maji yanakimbia kwenda chini, kumbe ndo yanamalizia kupanda. Kwenye bamvua, kwetu huku maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne na kujaa kabisa mnamo saa kumi, kwa hiyo kosa la saa sita linakuweka kinyume kabisa, sio kosa la kukosa samaki hilo ni kosa la kuzama.

La pili, kwa wanaoenda Msimbati na huko kwenye mpaka. Simu ikishika mtandao wa Msumbiji, na wewe umeiacha saa ijipange yenyewe, inaweza kurudi nyuma saa nzima maana wenzetu wapo nyuma yetu kwa saa moja. Unaangalia simu unaona bado una muda wa kutosha, kumbe umekwisha. Zima kile kipengele cha saa kujipanga, au vaa saa ya mkononi, ndo maana nimeiweka kwenye orodha.

Ukishaijua saa ya kupwa kabisa, andika nyakati hizi tatu mkononi kwa biro, sio kwenye simu:

- Saa ya kushuka: saa mbili kabla ya kupwa kabisa.
- Saa ya kugeuka: nusu saa kabla ya kupwa kabisa kama kuna mkondo wa kuvuka. Kama hakuna mkondo hata mmoja, dakika ileile ya kupwa.
- Saa ya kuwa mchangani: saa moja baada ya kupwa, kila mtu, bila "subiri kidogo".

Kwa nini ugeuke wakati maji bado yanakupwa, maana hapa ndo watu wananiona mwoga? Chukua mfano wa bamvua yenye tofauti ya mita 3.6 ili hesabu iwe nyepesi. Yakianza kujaa, saa ya kwanza yanapanda kama sentimita 30 tu, saa ya pili 60, saa ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Umeona? Saa ya kwanza inakudanganya, unaona mbona yanapanda polepole ngoja nimalizie, halafu mwisho wa saa ya pili pale ulipopita kifundo cha mguu pamefika juu ya kiuno, na hiyo saa ya tatu ikiisha pamekupita kichwa. Mtu anayeanza kurudi pale anapoona maji yanapanda, ameshachelewa kwa saa nzima.

Siku inayofuata usitumie saa za jana. Kila siku zinasogea mbele kama dakika 50, kwenye bamvua pungufu kidogo, kwenye maji mafu zaidi.

Hali ya hewa nayo pitia. Upepo wa kusi ukikaza mchana unasukuma maji yapande kabla na juu ya namba ulizosoma, na Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, safari imekufa, hakuna mjadala. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilituonyesha, mpaka barabara ya Dar ilikatika tukabaki kisiwa huku kusini.

Hatua ya 3: Ongea na wenyewe kabla hujakanyaga

Ramani ya simu inakuonyesha rangi ya bluu tu. Ramani ya kweli iko kwenye vichwa vya watu, na inabadilika, fungu la mchanga lililokuwepo wakati wa kaskazi, kusi inalihamisha, njia niliyopita mwaka juzi leo ina shimo. Kwa hiyo hata mimi mwenyeji nauliza kila mara.

Muulize nani? Kina mama wanaoshuka na ndoo na vyuma vya kuchokolea pweza. Wavuvi wanajua maji ya ndani, ila kina mama ndo wanajua ya miguu. Salimia kwanza, shikamoo bibi, subiri marahaba, ongea habari za nyumbani, halafu ndo uulize. Usitoe simu ukaanza kumpiga picha mtu yupo kazini ameinama.

Mimi mara yangu ya kwanza upande wa Msangamkuu nilimpita bibi mmoja kwa mbwembwe, nimebeba begi, miwani ya jua, najua kila kitu. Akaniita, "Mjukuu wangu, unakwenda wapi?" Nikamwambia nakwenda kule mwisho, mawimbini. Akaangalia begi, akaangalia bahari, akauliza, "Haya. Na utarudi na nini?" Nikasema kwa miguu bibi. Akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Halafu akanionyesha kwa kile chuma chake mstari wa maji ya kijani nyuma yetu, mwembamba kama kanga iliyoanikwa, nilishauvuka dakika tano nyuma na sikumbuki hata kuuona.

Maswali ya kuuliza ni manne: mkondo uko wapi, watu wanavukia wapi, tope liko wapi, na wao wanarudi saa ngapi. Hilo la nne lina thamani kuliko yote. Wakikwambia "sisi tunatoka kabla ya adhuhuri" na karatasi yako inasema saa sita na nusu, futa karatasi.

Pia pita kwa mwenyekiti au BMU ya kijiji (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufukwe). Vijiji vingine hufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue, ukikutwa unatembeatembea na fimbo sehemu iliyofungwa utaeleza vizuri. Na kama unaingia eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kuna kiingilio, lipia, chukua risiti.

Hatua ya 4: Funga alama mbili nchi kavu

Kabla hujashuka geuka uangalie ulikotoka. Nchi kavu ikiwa mbali minazi yote inafanana, nakuapia.

Tafuta vitu viwili, kimoja karibu na maji na kingine nyuma yake juu zaidi, vinavyokaa kwenye mstari mmoja ukisimama pale pa kuvukia. Kwa mfano mnazi uliopinda na mnara wa simu nyuma yake. Ukiwa kule mbali ukaona mnara umehamia kulia kwa mnazi, wewe umesogea kulia, rudi kushoto mpaka vipandane tena. Wavuvi wanatumia hivihivi kupata mwamba wao katikati ya bahari.

Usichague ngalawa iliyoegeshwa wala gari. Kuna jamaa alichagua ng'ombe.

Ili kuhakikisha, tembea hatua mia kuingia ndani, geuka, mwambie mwenzako aonyeshe njia kwa kidole bila wewe kumsaidia. Akikosea rudieni.

Hatua ya 5: Chomeka fimbo mkondoni

Hii ndo hatua ambayo ukiifuata hata kama nyingine umezembea utarudi.

Ukifika kwenye mkondo (kuna karibu kila ufukwe wenye mwamba, hata kama ni bonde la kifundo cha mguu), simama. Pima na fimbo. Ukiwa umefika saa mbili kabla ya kupwa, maji yamezidi goti, subiri, usivuke. Yakishuka chini ya goti, vuka. Kama mpaka dakika arobaini kabla ya kupwa bado yamezidi goti, siku hiyo huvuki, tembea upande wa huku na utaona mengi tu. Kumbuka saa ya kugeuka ni nusu saa kabla ya kupwa, ukivuka kwa kuchelewa unavuka na kugeuka papo hapo.

Chomeka fimbo ya pili pale penye kina kikubwa cha njia yako, izame vizuri isilale, halafu funga kile kitambaa chekundu usawa wa goti lako. Mwenzenu mmoja abaki hapo na filimbi, huyo ndo mlinzi. Mpe kivuli cha mwavuli akitaka, asiende kuokota kombe. Kazi yake ni kuangalia maji kwenye fimbo: yakishuka sawa, yakisimama anapiga filimbi ndefu moja, yakianza kupanda hata kidole kimoja anapiga mfululizo mpaka muonekane mnarudi.

Kwa nini filimbi na sio simu? Maana simu iko kwenye kopo la siagi ya karanga.

Hatua ya 6: Jua unakanyaga nini

Sasa umeingia. Kila aina ya ardhi ina mwendo wake.

*Mchanga wenye mikunjo.* Mgumu, tembea kawaida. Mchanga uliolainika unaong'aa na kutikisika kama uji uzunguke.

*Majani ya bahari.* Hapa buruza miguu, usiinue. Samaki taa analala amejifukia humo, ukimgusa ubavuni kwa mguu unaoburuzika anakimbia, ukimkanyaga mgongoni anakuchoma na mkia. Tanguliza fimbo, gusagusa mbele yako.

*Mwamba na matumbawe.* Kanyaga penye mchanga kati ya mawe, usipande juu ya matumbawe hai, yanavunjika na yanakata, na kidonda cha tumbawe kinachelewa kupona. Usiingize mkono kwenye tundu lolote, hata kama umeona mkono wa pweza unakukonyeza, jirani yake ni mkunga (samaki mrefu kama nyoka) na mkunga akiuma haachii upesi. Usigeuze jiwe ukaliacha limelala chali, chini yake kuna viumbe na jua litawaua kabla maji hayajarudi, ligeuze kwa fimbo, tazama, lirudishe.

Kuna watatu wa kuwajua kwa sura. Yule mviringo mweusi wenye miiba mirefu kama sindano, miiba inaingia hata kwenye raba na inakatikia ndani. Samaki jiwe, huyu humwoni, anafanana na jiwe lenye ukoga, miiba yake iko mgongoni na sumu yake sio ya mchezo, ndo sababu ya soli ngumu na ndo sababu hukanyagi "jiwe" usilolipima na fimbo. Na konokono mwenye kombe lenye umbo la koni lililochorwa madoa mazuri mpaka unatamani kumweka mfukoni. Usimshike. Ana mwiba wa sumu anaurusha kutoka upande mwembamba na anaweza kuua mtu mzima. Kwa sababu wengi hawawezi kumtofautisha, sheria yangu ni fupi, kombe lililo na mwenyewe ndani haliokotwi.

*Tope la mikoko.* Hii ni habari tofauti, huku Mikindani na ghuba ya Lindi mnayajua, na waliokwenda Songo Mnara wanajua boti inavyokuacha mbali maji yakiwa yamekupwa mnaingia kisiwani kwa miguu kati ya mikoko. Tembea karibu na mashina, juu ya mizizi tope ni gumu, katikati ya mfereji ni kisima. Angalia chaza waliogandia mizizi, wanachana ngozi kama wembe, usijishikilie hovyo.

Mguu ukizama mpaka goti usiuvute kwa nguvu juu, tope linanyonya, utaacha kiatu na utaanguka na mikono. Kaa kitako nyuma taratibu, uzito uhamie matakoni, zungusha mguu pole pole kushoto kulia mpaka maji yaingie pembeni ya kiatu, utasikia sauti kama mtu anafyonza embe, hapo sasa chomoa ukielekeza kisigino. Inaudhi, unachafuka mpaka masikioni, lakini unatoka na kiatu.

Mtembeaji mzuri anajulikana kwa macho: hatua tatu anaangalia chini, anasimama, anainua kichwa anaangalia nyuma kwenye fimbo nyekundu. Kama hujageuka kwa dakika tano, geuka sasa hivi.

Hatua ya 7: Zijue dalili za maji kugeuka

Saa mkononi ndo bosi, lakini bahari nayo inaongea na inafaa uisikie.

Angalia majani ya bahari kwenye kidimbwi chenye maji yanayotembea. Maji yakiwa yanatoka, majani yote yamelala vichwa kuelekea baharini kama nywele zilizochanwa. Halafu inafika muda yanasimama wima, yanayumba hayajui yaende wapi, kitu kizuri sana kukitazama, ila usikitazame sana. Yakishaanza kulala kuelekea minazi, maji yameshageuka.

Vidimbwi viwili vilivyokuwa mbalimbali vikiunganishwa na kijimfereji cha upana wa kidole, hiyo ni dalili ya pili. Povu jembamba na vijiti vikianza kusogea kuelekea nchi kavu ni ya tatu.

Dalili ya nne haihitaji elimu: kina mama wameinuka, wamekaza kanga, ndoo kichwani. Hata kama saa yako inakuambia bado, wafuate.

Hatua ya 8: Kurudi

Saa ya kugeuka ikifika mnageuka wote, hata aliyekuwa karibu amshike pweza. (Na pweza chini ya nusu kilo sheria hairuhusu kumvua, kwa hiyo huyo mdogo unayemlilia mwache.)

Rudini kwa njia mliyojia, sio ya mkato. Ya mkato hamkuipima. Mdogo au mgeni kuliko wote atembee katikati. Mkifika kwenye fimbo angalieni kitambaa: maji yakiwa chini ya kitambaa mnavuka kawaida, yakiwa yamekigusa mnavuka sasa hivi mmeshikana mikono, mkitazama kule yanakotoka maji, fimbo mbele. Mkishavuka ng'oeni fimbo, msituachie takataka.

Kama saa ya biro mkononi inasema saa moja baada ya kupwa na viatu vyenu viko kwenye mchanga mkavu, mmeweza.

Ikitokea mmechelewa

Mmefika mkondoni, kitambaa hakionekani, maji yamezidi paja na yanakimbia. Msivuke. Mtu anasombwa na maji ya pajani yenye mbio kirahisi kuliko anavyodhani.

Rudini sehemu ya juu kuliko zote ya fungu, pigeni filimbi, pungeni nguo ya rangi, mlinzi wa ng'ambo akimbilie kwenye ngalawa ya karibu, asirudi kuwafuata kwa miguu. Piga 112 kama kuna mtandao, ila ukweli ni kwamba mwenye ngalawa jirani atafika kwanza.

Fungu nalo likianza kufunikwa, vueni viatu na begi, kila mmoja ashike kinachoelea. Dumu la lita 5 lililofungwa likiwa chini ya kidevu linambeba kichwa mtu mzima asiyejua kuogelea, ila libanwe kwa mikono miwili na asijaribu kupanda juu yake. Laleni chali, msipambane na mkondo, potezeni nguvu kidogo iwezekanavyo. Ahueni moja mnayo, maji ya kujaa kwa kawaida yanasukuma kuelekea nchi kavu, tofauti na ya kupwa ambayo yangewapeleka Komoro.

Ukichomwa

Kwa taa, samaki jiwe na miiba mirefu myeusi, dawa ya kwanza ni joto: chovya mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, dakika 30 mpaka 90, yakipoa ongeza. Mwenzako mzima ayajaribu kwanza kwa mkono wake, maana mwenye maumivu anaweza kuungua asijue. Ndo ile chupa ya chai, anza nayo huku mtu anawasha jiko. Miiba inayoonekana vuta, iliyozama usichimbue na pini, wengi pwani wanapaka utomvu wa papai, sawa, ila kidonda kisafishwe na kituo cha afya ufike. Mwiba mkubwa wa taa uliobaki kifuani au tumboni usiung'oe, nenda nao hivyohivyo hospitali.

Kwa konokono wa koni usisubiri maumivu, wengine hawasikii maumivu makali. Funga bandeji ya kubana kuanzia vidole kwenda juu, mguu au mkono usitikiswe, mgonjwa abebwe asitembee, mbio hospitali, na msimwache peke yake maana kupumua kunaweza kusimama.

Mkojo haumsaidii yeyote kati ya hawa. Tafadhali.

Ukifika nyumbani salama, suuza raba na maji baridi yasiyo na chumvi, toa soli ya ndani, anika kivulini. Juani gundi inaachia, na bamvua ijayo ni baada ya wiki mbili tu.